Jean Gordon Binti Nani? Mwongozo wa Kufuatilia Nasaba ya Bibi wa Kikabaila wa Uskoti

Tarehe 17 Februari 1566, askofu mkuu wa St Andrews, John Hamilton, alitoa karatasi ya kuruhusu ndoa. Bibi arusi alikuwa Jean Gordon, msichana wa miaka ishirini hivi, dada wa Earl (cheo cha juu cha ukabaila) wa Huntly. Bwana arusi alikuwa James Hepburn, Earl wa Bothwell. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki hawa wawili hawakuweza kuoana bila kibali, kwa sababu huko juu walikuwa na babu mmoja, na karatasi ile ndiyo iliyokuwa kibali chenyewe. Mwaka uliofuata Bothwell akataka kumwoa malkia Mary wa Uskoti. Tarehe 7 Mei 1567 mahakama ya askofu mkuu yuleyule ikatamka kwamba ndoa ya Jean ilikuwa batili tangu mwanzo, kwani mume na mke ni ndugu na hawakupata kibali. Siku nane baadaye malkia akaolewa. Jean hakuitoa karatasi yake. Aliitunza, na ilikuja kuonekana katika karne ya 19 miongoni mwa nyaraka za ngome ya Dunrobin huko Sutherland, alikoishi mpaka akafa mwaka 1629.

Nimeanza na karatasi hiyo kwa makusudi. Wanawake wa zama zile hawakuandikiwa nasaba ili wakumbukwe. Waliandikiwa pale nasaba ilipokuwa na kazi: mtu anapooa, anapodai shamba, anapotaka kuachana, anaporithi. Anayemtafuta mwanamke kwenye orodha za wanaume atampata kama mstari mmoja mwishoni, "na binti, Jean". Anayemtafuta kwenye karatasi za ndoa na mali atampata akiwa na baba, mama, kaka, na mara nyingine mpaka bibi yake mzaa mama.

Nitamtumia Jean kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini njia ni ileile kwa bibi yeyote wa Kiskoti wa miaka ya 1500 hadi 1700.

Hatua ya 1: Mjue mwenyewe, kwa majina yake yote

Kuna jambo moja litakalokurahisishia kazi. Mwanamke wa Kiskoti wa enzi zile hakubadili jina la ukoo alipoolewa. Kama vile Mwanaisha binti Ali anavyobaki binti Ali hata akiolewa mara tatu, Jean aliolewa mara tatu na akabaki Gordon. Basi jina la ukoo unalolikuta kwenye hati huwa ni la upande wa baba yake, na hiyo ni dalili ya kwanza uliyopewa bure.

Kilichobadilika ni cheo. Mwaka 1566 alikuwa mke wa Earl wa Bothwell. Tarehe 13 Desemba 1573 aliolewa na Alexander Gordon, Earl wa 12 wa Sutherland, na kuanzia hapo hati humtaja kwa cheo cha Sutherland. Huyo alifariki 1594. Mwaka 1599 aliolewa na Alexander Ogilvy wa Boyne, mgane wa Mary Beaton, mmoja wa wale akina Mary wanne waliomhudumia malkia tangu utotoni.

Jina la kwanza nalo huyumba. Jean huweza kuandikwa Jane, Jeane, Janet, Jonet au Joan, na kwa Kilatini Joanna au Joneta. Gordon huandikwa Gordoun au Gordone. Ukitafuta kwenye faharasa ya mtandaoni kwa tahajia moja tu, utaambiwa hayupo, nawe utaamini.

Chukua karatasi moja, uandike maisha yake kwa tarehe: kuzaliwa, ndoa, vifo vya waume, kifo chake. Kisha weka sharti: hati haihesabiki kuwa yake mpaka ioane na karatasi hiyo kwa mambo matatu, yaani jina, mahali au shamba, na ndugu mmoja anayejulikana. Akina Jean Gordon walikuwa wengi mno kaskazini mwa Uskoti kwa mtu kutegemea jina peke yake.

Hatua ya 2: Anza na ramani, lakini usiifanye ushahidi

Ramani ni The Scots Peerage, kazi iliyohaririwa na James Balfour Paul, majuzuu 9 yaliyotoka kati ya 1904 na 1914. Haki zake za kunakili zimekwisha, kwa hiyo majuzuu yote yamepigwa picha na yanasomeka mtandaoni bila malipo. Yamepangwa kwa alfabeti ya vyeo, si ya majina ya watu. Kwa Jean utaanza Huntly katika juzuu la 4, nyumbani kwa baba yake. Kisha Marischal katika juzuu la 6, alikotoka mama yake. Waume utawakuta Bothwell katika juzuu la 2 na Sutherland katika juzuu la 8. Juzuu la 9 ni faharasa pamoja na nyongeza na masahihisho, na mimi hulifungua kabla ya mengine yote.

Soma tanbihi kabla ya kusoma maandishi yenyewe. Sentensi yenye tanbihi inayotaja hati ya Muhuri Mkuu (muhuri wa mfalme wa kuthibitisha ardhi) au mkataba wa ndoa ni mlango. Uandike, utaufungua baadaye. Sentensi isiyo na tanbihi iwekee alama ya kuuliza na uendelee. Kwa wanawake utakuta alama hizo nyingi kuliko kwa wanaume, na hapo ndipo kazi yako ilipo.

Hatua ya 3: Jifunze maneno ya undugu, na uandike kwa Kiswahili

Hapa nakusihi usipite haraka. Hati za Uskoti za karne ya 16 ziko kwa Kilatini au kwa Kiskoti cha zamani, na vitabu vinavyozieleza viko kwa Kiingereza. Kiingereza kina neno moja kwa shangazi na mama mdogo, na neno moja kwa baba mdogo na mjomba. Kilatini hakifanyi hivyo, wala Kiswahili. *Patruus* ni ndugu wa baba. *Avunculus* ni mjomba. *Amita* ni shangazi. *Matertera* ni mama mdogo au mama mkubwa. Ukiandika maelezo yako kwa Kiswahili, utahifadhi taarifa ambayo anayeandika kwa Kiingereza huipoteza kila siku: kama undugu umepitia kwa baba au kwa mama. Kwa mtafuta nasaba ya mwanamke, hiyo ni nusu ya kazi.

Makarani nao walikuwa binadamu. Baadhi waliandika *avunculus* kwa ndugu wa baba pia. *Nepos* huweza kuwa mjukuu na huweza kuwa mpwa. Vivyo hivyo *nevoy* kwa Kiskoti. Neno *oy* ni mjukuu. *Gudsire* ni babu na *gudame* ni bibi. *Cousin* ni ndugu yeyote wa mbali au wa karibu, usijenge chochote juu yake.

Maneno ya ndugu wa karibu yashike kwa uangalifu zaidi. *Brother german* ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. *Uterine* ni ndugu wa mama mmoja, baba mbalimbali. Mfano wake mzuri ni mfalme James II na John Stewart, Earl wa Atholl: mama yao ni mmoja, Joan Beaufort, aliyeolewa tena baada ya mfalme James I kuuawa mwaka 1437. Mshike sana Joan Beaufort, tutarudi kwake.

*Umquhile*, au *quondam* kwa Kilatini, ni marehemu. Ukiliona mbele ya jina la baba ujue alikwisha kufa tarehe ya hati, na hiyo hukusaidia kukadiria kifo. *Relict* ni mjane. *Filius naturalis* au *filia naturalis* ni mtoto wa nje ya ndoa, hata kama baba yake ni mfalme. *Tocher* ni mali aliyokuja nayo bibi arusi kutoka kwao, kinyume cha mahari yetu inayotoka kwa mwanamume, kwa hiyo ukiona nani anaidhamini, umewaona walezi wake. *Terce* ni theluthi ya mapato ya mashamba ya mume ambayo mjane hula maisha yake yote.

Hatua ya 4: Nyoosha tarehe

Mpaka mwisho wa 1599, mwaka wa Uskoti ulianza tarehe 25 Machi. Mwaka 1600 ndio wa kwanza kuanza 1 Januari. Kwa hiyo kibali cha Jean, ambacho sisi tunakiita cha Februari 1566, katika hati kimeandikwa 1565. Babu yake mkubwa, Earl wa 3 wa Huntly, alikufa Januari ambayo wao waliiita 1523 na sisi tunaiita 1524. Andika kila tarehe ya kati ya 1 Januari na 24 Machi kwa mkwaju: 1565/6, 1523/4. Wakati naanza sikufanya hivyo, nikapata mtu aliyetia saini mkataba miezi kumi na moja kabla ya kuchumbia, nikakaa jioni nzima nikidhani ni watu wawili.

Uingereza iliendelea na 25 Machi mpaka karne ya 18, kwa hiyo barua iliyoandikwa London na ile ya Edinburgh za Februari ileile ya 1610 hazitaji mwaka mmoja.

Hatua ya 5: Fuata karatasi kwa mpangilio huu

Usianze na kitabu cha ubatizo. Rejista ya kwanza ya parokia inayojulikana Uskoti, ya Errol, inaanzia 1553, na parokia nyingi zilianza muda mrefu baadaye. Jean alizaliwa karibu 1546.

Anza na mkataba wa ndoa. Kwa makabaila hii ndiyo hati tajiri kuliko zote. Wa Jean na Bothwell una tarehe 9 Februari 1566. Mkataba hutaja bibi arusi ni dada au binti wa nani, nani anasimama kwa niaba yake, tocher ni kiasi gani, na atapewa shamba gani la kula maisha yake. Soma mpaka chini kabisa, kwenye saini. Mtu asiyejua kuandika hushikwa mkono juu ya kalamu, na anayemshika husema hivyo palepale kwa maandishi. Mashahidi wa upande wa mke ni wajomba, kaka na binamu. Waorodheshe wote hata kama leo huwajui.

Mikataba mingi iko kwenye nyaraka za koo. Za Gordon wa Huntly ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uskoti, Edinburgh, kwa alama GD44. Za Sutherland ziko katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, mji uleule, kwa alama Dep. 313. Orodha zake husomeka mtandaoni, na ukiwa na alama kamili ya hati unaweza kuulizia nakala bila kupanda ndege.

Kisha Rejista ya Muhuri Mkuu. Hapa ndipo mfalme alipothibitisha umiliki wa ardhi, na muhtasari wake umechapishwa kwa Kilatini mpaka 1668. Kabaila alipooa aliandika upya shamba kwa jina lake na la mkewe. Tafuta neno *sponse*, mke, na maneno *in vitali redditu*, yaani haki ya kula mapato maisha yote. Haki hizi hazikufutika kirahisi: Jean aliendelea kula mapato ya mashamba aliyoandikiwa kwenye ndoa ya Bothwell miaka mingi baada ya Bothwell mwenyewe kufia gerezani Denmark mwaka 1578.

Hati za kutambua mrithi, zinazoitwa *retours*, ni za baraza la watu walioapa kwamba fulani ndiye mrithi halali wa fulani. Muhtasari wake ulichapishwa kati ya 1811 na 1816. Zina nguvu sana, lakini zina upofu mmoja: binti mwenye kaka haonekani, kwa sababu si mrithi. Jean alikuwa na kaka wengi, basi usimtafute huko kwa baba yake. Binti asiye na kaka huonekana, na wakiwa mabinti watatu hugawana sawasawa, wakatajwa wote kwa majina. Ukikuta neno *avi*, "wa babu yake", ujue kizazi kimoja kimerukwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yake Jean: baba yake yeye, John, Lord Gordon, alikufa 1517 kabla ya kurithi, na mtoto akamrithi babu.

Wosia huwekwa faharasa kwenye tovuti rasmi ya ScotlandsPeople kuanzia miaka ya 1510. Kutafuta jina hakulipiwi, kupata picha kunalipiwa kwa krediti. Kumbuka kwamba wosia wa Kiskoti wa enzi zile ulihusu mali inayohamishika peke yake: ng'ombe, nafaka, vyombo, madeni. Ardhi haimo. Mimi hupenda orodha ya madeni, kwa sababu mtu hukopeshana na shemeji zake.

Mwisho kuna kesi. Mahakama ya mambo ya ndoa ya Edinburgh ilianzishwa 1564, na tarehe 3 Mei 1567 ilimpa Jean talaka kwa zinaa ya Bothwell na mtumishi, Bessie Crawford. Baba yake naye ana kesi ya ajabu: alimwasi malkia, akafa palepale kwenye vita vya Corrichie tarehe 28 Oktoba 1562, maiti yake ikatiwa dawa, ikapelekwa Edinburgh, na Mei 1563 ikashtakiwa mbele ya bunge. Mali za ukoo zikachukuliwa. Kwa familia yalikuwa maangamizi, kwa mtafiti ni karatasi nyingi, maana dola inaponyang'anya, huorodhesha.

Mwandiko utakutisha siku ya kwanza. Herufi *e* imegeuka nyuma, *s* ni ndefu kama *f*, na *quh* ni *wh*. Hifadhi ya Taifa ina masomo ya bure mtandaoni. Nakili kila hati herufi kwa herufi kabla ya kuitafsiri, hata kama unadhani umeielewa.

Hatua ya 6: Panda kwa baba, na uangalie jina lisikudanganye

Baba: George Gordon, Earl wa 4 wa Huntly. Baba yake: John, Lord Gordon. Babu yake: Alexander, Earl wa 3. Juu yake: George, Earl wa 2, aliyekufa 1501. Juu yake tena: Alexander, Earl wa 1, aliyepata cheo hicho karibu 1445.

Hapo simama. Earl wa 1 alizaliwa Alexander Seton. Mama yake, Elizabeth, alikuwa mrithi wa Gordon baada ya baba yake, Sir Adam Gordon, kuuawa kwenye vita vya Homildon Hill mwaka 1402. Elizabeth aliolewa na Alexander Seton, na mtoto wao akachukua jina na nembo ya mama kwa sababu ardhi ilitoka kwa mama. Kwa hiyo ukifuata mstari wa baba peke yake, Jean Gordon ni Seton. Ugordon wake wote umeshuka kupitia mwanamke mmoja.

Halafu Earl wa 1 alikuwa na mtoto wa kiume mkubwa kwa Egidia Hay, lakini uearl ukaenda kwa watoto wa mke aliyefuata, Elizabeth Crichton. Yule mkubwa ndiye aliyeanzisha ukoo wa Seton wa Touch. Kila unapomwona kabaila mwenye wake zaidi ya mmoja, usiandike "mama: mke wa kwanza" kwa mazoea.

Hatua ya 7: Panda kwa mama na kwa mabibi

Mama yake Jean ni Elizabeth Keith, aliyeolewa 1530, binti wa Robert Keith, mrithi wa Earl Marischal. Mama yake Elizabeth ni binti wa Earl wa 2 wa Morton, wa nyumba ya Douglas. Jina la kwanza la bibi huyu vitabu vingine huandika Elizabeth, vingine Beatrix. Ukikutana na hali hiyo, usichague lililokupendeza. Andika "binti wa Earl wa 2 wa Morton", kwa kuwa hilo ndilo wanalokubaliana, kisha tafuta hati ya Muhuri Mkuu iliyomtaja akiwa hai pamoja na mumewe.

Bibi mzaa baba ndiye anayevutia macho ya wengi. Margaret Stewart alikuwa binti wa mfalme James IV kwa Margaret Drummond, nje ya ndoa. Alilelewa katika ngome ya Edinburgh, na vitabu vya hesabu za Mweka Hazina wa mfalme vinamtaja kama "Lady Margaret", pamoja na nguo na matumizi yake. Humohumo wametajwa wasichana wa Kiafrika waliokuwa katika nyumba yake, walioitwa kwa Kiskoti *More lassies*, na mmoja wao jina lake ni Ellen More. Sikutarajia kukutana nao nilipokuwa nahesabu mita za kitambaa cha binti wa mfalme. Hesabu za matumizi ni chanzo ambacho watafuta nasaba hukiruka kwa sababu hakina neno "mtoto wa", lakini huwaonyesha watu ambao hakuna hati ya ardhi itakayowataja kamwe.

Sasa hesabu kwa Kiswahili. James IV, mtoto wake Margaret, mjukuu wake George, kitukuu chake Jean. Upande wa pili: James IV, mtoto wake James V, mjukuu wake malkia Mary. George na malkia ni watoto wa dada na kaka waliochangia baba. Kwa hiyo malkia Mary, aliyemzidi Jean miaka minne hivi, kwa hesabu yetu ni shangazi yake. Alimpa kitambaa cha fedha cha gauni la harusi, na mwaka uliofuata akaolewa na mume wa Jean.

Hatua ya 8: Vitabu vya familia visome ukiwa na kalamu mkononi

Ukoo wa Gordon uliandikiwa historia kwa Kilatini mwaka 1545 na Giovanni Ferrerio, Mwitaliano aliyefundisha katika abasia ya Kinloss. Mtoto wa Jean mwenyewe, Sir Robert Gordon wa Gordonstoun, aliandika historia kubwa ya nyumba ya Sutherland, iliyochapishwa 1813. Ni kwake tunapopata habari za mama yake akiendesha mali, akichimba makaa ya mawe na kuchemsha chumvi huko Brora mwaka 1598.

Kanuni yangu ni hii: nambari moja kwa alichokiona mwandishi mwenyewe, nambari mbili kwa alichosimuliwa na waliokiona, nambari tatu kwa yaliyobaki. Robert kuhusu mama yake ni nambari moja. Kuhusu babu aliyekufa Corrichie, miaka kumi na minane kabla yeye hajazaliwa, ni mbili. Kuhusu mababu wa karne ya 11 ni tatu, na hapo alikuwa na cheo cha nyumba yake cha kutetea.

Hatua ya 9: Pima mti wako kwa daraja za kanisa

Kanisa, tangu mtaguso wa mwaka 1215, lilikataza ndoa mpaka daraja la nne, likihesabu vizazi kutoka kwa babu wa pamoja. Kibali chochote unachokipata ni mtihani wa bure: kinakwambia babu yuko ngazi ngapi juu, nawe unaangalia kama mti wako unafika.

Cha Jean na Bothwell ni cha daraja la nne. Babu wa pamoja ni George, Earl wa 2 wa Huntly. Upande wa Jean: mtoto Alexander, mjukuu John, kitukuu George, kilembwe Jean. Upande wa Bothwell: mtoto Margaret Gordon aliyeolewa na Earl wa 1 wa Bothwell, mjukuu Adam, kitukuu Patrick, kilembwe James. Vilembwe wawili wa mtu mmoja. Mti umefika.

Baada ya 1560 Waprotestanti wa Uskoti waliacha hesabu hii, na sheria ya 1567 ikarudi kwenye makatazo ya Mambo ya Walawi, ikaruhusu hata binamu kuoana. Kwa ndoa za baada ya hapo mtihani huu haupo. Kwa za kabla, maombi ya vibali yalikwenda Roma, na mengi ya karne ya 15 yamechapishwa kwa muhtasari.

Hatua ya 10: Penye mgogoro chora vitone

Mama wa Alexander, Earl wa 3, ni nani? Baba yake alioa kwanza Elizabeth Dunbar, kisha Annabella, binti wa mfalme James I, ndoa iliyovunjwa Julai 1471, kisha Elizabeth Hay. Wanaofuatilia nasaba wamegawanyika: wengine humpa Annabella, wengine Elizabeth Hay. Kwa Jean tofauti ni kubwa, kwani akiwa Annabella, damu ya kifalme inamfikia kwa njia nyingine tena.

Kwenye mti wako, mstari usio na uhakika uchore kwa vitone, kisha fanya hivi. Kwanza, kusanya tarehe za hati za mwanzo ambazo Alexander anatenda kama mtu mzima, urudi nyuma kukadiria kama alizaliwa kabla au baada ya 1471. Pili, mwangalie mke wake. Alimwoa Janet Stewart, binti wa Earl wa Atholl, yule niliyekwambia alichangia mama na James II. Annabella naye alizaliwa na Joan Beaufort huyohuyo. Basi kama Alexander ni mtoto wa Annabella, yeye na mkewe walikuwa na bibi mmoja, na ndoa yao ilihitaji kibali cha daraja la pili. Pitia muhtasari wa maombi ya Roma kwa majina yote mawili. Kikionekana kibali cha daraja hilo, chora mstari mzima kwenda kwa Annabella. Kisipoonekana, acha vitone palepale vilipo, kwa sababu cha Jean mwenyewe kilikaa Dunrobin miaka mia tatu bila mtu kujua kipo.